Kiyoyozi cha gari hakitoe baridi? Usikimbilie gazi



Katika garaji nyingi za kwetu, kiyoyozi kikiacha kutoa baridi, jibu la kwanza ni moja: "Gazi imeisha." Mteja analipa, gazi inaongezwa, kisha joto iko palepale. Halafu anaambiwa anunue kompresa. Mimi nasema hiyo si kupima, ni kubahatisha na pesa ya mwenzako.

Kompresa nyingi zinashikwa na ambreyaji ya sumaku, na sumaku ile inaishi kwa umeme. Umeme unatoka kwa batri, unapita kwenye fyuzi na rele mpaka kwenye bobini, halafu unarudi kwa masi, yaani chuma cha gari. Njia ikikatika popote, ambreyaji haishike, hata gazi ijae. Na gazi ikipunguka kweli, swichi ya presha njo inakata umeme makusudi, kwa sababu mafuta ya kompresa yanatembea pamoja na gazi. Kwa hiyo yule anayeunga waya ili kuruka swichi anaweza kuua kompresa nzima.

Hata wenye multimetri nawakosoa. Wanachomoa fishi ya ambreyaji, wanapima, wanaona volti 12, wanasema: "Umeme uko, kompresa njo imekufa." Hapo fizika ya sekondari inawakataa. Tuseme bobini iko na omu 4, na kiungo chenye kutu kiko na omu 2. Fishi ikiwa nje, mkondo haupite, kutu haionekane, multimetri inasoma 12. Rudisha fishi: mkondo ni ampea 2, kutu inakula volti 4, bobini inabakia na 8. Ambreyaji inaweza kukosa nguvu ya kushika. Kompresa ni nzima. Waya njo mgonjwa. Kipimo cha kweli kinafanywa fishi ikiwa ndani na kiyoyozi kimewashwa, kwanza upande wa batri, kisha upande wa masi.

Sheria ya Ohm tuliiandika ubaoni, tukapata pointi. Fundi wengi hawakuipata darasani, lakini njo wao wanakutana nayo kila siku, na sisi tunapita mbele ya garaji mbiombio tukitafuta kazi ya biro. Kama sheria ile haiwezi kumwokolea dereva wa taksi bei ya kompresa, tuliisomea nini?

Tujadiliane.