Dau la Ubishi

Kama umewahi kukaa kijiweni unajua ubishi unavyokwenda. Hoja zikiisha, mtu anapandisha sauti, sauti ikimkauka anasema, "Basi tupinge!" Mimi niliwahi kuweka dau redio, tukibishana habari za Simba na Yanga. Nikashindwa. Na redio yenyewe ilikuwa ya baba! Nikawaambia washikaji nilikuwa natania, kisha wiki mbili nzima nikawa napita uchochoro wa nyuma.

Ndiyo maana hadithi fupi ya Mrusi Anton Chekhov, "Pari", yaani dau, iliyotoka mwaka 1889, ilinichoma. Karamuni watu wanabishana: kunyongwa na kufungwa maisha, kipi kikatili zaidi? Tajiri mwenye benki anaweka rubo milioni mbili kwamba wakili mmoja, kijana wa miaka 25, hawezi kukaa kifungoni miaka mitano. Kijana anajibu: nitakaa 15.

Wapo wanaosema hapo Chekhov kapiga chumvi. Mimi nakataa. Masharti yako wazi: siku ya kuanza, siku ya kwisha, mpaka saa, akitoka dakika mbili kabla, hapati kitu. Vijiweni kwetu nani anataja saa?

Lakini tazama madau yenyewe. Usiku ule milioni mbili kwa tajiri ni mchezo tu. Kijana analipa kwa ujana wake. Miaka 15 ikipita, tajiri akilipa atafilisika, na ili asilipe anawaza kuua. Mwandishi anatuonyesha kwamba dau la mtu hupimwa siku ya kulipa. Siku ya kulitamka kila mtu ni bingwa.

Wakili anazikataa fedha, anatoroka saa tano kabla ya muda. Na lile swali la kunyonga? Halijajibiwa! Hapo ndipo utamu wa hadithi ulipo.

Maishani pia ni hivyo. Mwaka 1980 huko Marekani, mwanabiolojia Paul Ehrlich aliwekeana dau na mwanauchumi Julian Simon juu ya bei za metali tano, ikiwemo shaba na bati. Ehrlich alisema zitapanda kwa miaka kumi. Zikashuka, na mwaka 1990 akatuma hundi ya dola 576.07. Alilipa kiungwana, ila msimamo wake kuhusu ongezeko la watu hakuuacha. Kwa hiyo dau lililolipwa linanifanya nimwamini mtu. Hoja yake bado nitaidai ushahidi.

Sasa wewe mwenzangu unayeandika: mhusika wako akipiga kelele "tupinge", usimwachie hapo. Tuonyeshe mfukoni ana nini, na hicho alichoweka ni cha nani. Halafu mfuate siku ya kulipa, uone atapita barabara kuu au uchochoro wa nyuma.