Tundu Lililoliwa: Namna ya Kumpima Fundi wa Plastiki za Pikipiki

Pikipiki ikizoea barabara za vumbi za Bahi na Chamwino, kava la pembeni ndilo huanza kulegea, injini ikiwa bado nzima. Mtikisiko hulegeza skrubu, vumbi la kiangazi likaingia kati ya chuma na plastiki na kusaga taratibu. Dereva akichoshwa na kelele huikaza kwa nguvu zote, na hapo thredi hukatika. Skrubu inabaki kuzunguka bila kushika. Tundu limeliwa.

Kulifufua ni kazi ya bei ndogo, lakini humfichua fundi haraka kuliko kazi nyingi kubwa. Mimi hutazama jambo moja kabla ya mengine: je, skrubu hiyo itafunguka na kufungwa tena? Kava hufunguliwa mara kwa mara, leo kwa ajili ya betri, kesho fyuzi. Anayelibandika kwa gundi lisitikisike kabisa hajatengeneza kitu. Amemwachia fundi mwingine kazi ya kulivunja.

Mtazame kabla hajashika gundi. Fundi hodari hugeuza kava na kusoma herufi zilizochapwa upande wa ndani. Akikuta ABS, anajua plastiki hiyo inashika gundi vizuri na hata huyeyuka kwa asetoni, hivyo tundu linaweza kujengwa upya. Akikuta PP, supagluu anairudisha mfukoni, kwa sababu haishikani nayo. Atatafuta skrubu nene kidogo yenye meno mapana, au klipu ya bati yenye thredi, au bolti na nati kama nyuma kuna nafasi. Anayemwaga gundi ileile kwenye kila plastiki hajui anachokishika.

Kwenye ABS, dawa iliyozoeleka ni pamba na supagluu, na ubora wake uko kwenye uvumilivu. Tundu lisafishwe kwanza, vumbi na mafuta vitoke. Pamba iingie kidogo kidogo, kila tabaka na tone lake. Moshi unaopanda ni mvuke wa gundi unaosababishwa na joto la kuganda, basi weka macho mbali. Gundi hii huganda kwa msaada wa unyevu, na hewa ya Dodoma miezi ya kiangazi ni kavu mno. Ikijazwa kwa mkupuo hukauka juu, ndani ikabaki laini. Kisha tundu litobolewe upya: kwa skrubu ya milimita 3, keekee ya milimita 2.5 inatosha. Asiyetoboa akaisukuma skrubu moja kwa moja ataipasua plagi aliyoijenga, na mara nyingi na ukuta wa tundu pia.

Fundi huyohuyo akiletewa redio au taa ya sola inayofunguliwa kila mara, nati ya shaba yenye thredi ndani ni bora zaidi. Hupashwa moto kwa chuma cha kulehemea na kuzamishwa polepole ndani ya plastiki. Angalia kama imekaa wima, uso wake sawa na plastiki, bila uji ulioyeyuka kufurika juu. Ikiinama hata kidogo, skrubu itaingia kwa upogo na kazi yote imeharibika.

Dalili ninayoithamini kuliko zote ni ndogo sana. Fundi mzuri anaporudisha skrubu, huizungusha kinyume kwanza, taratibu, mpaka aisikie ikidondokea kwenye thredi ya zamani. Ndipo anakaza, kwa mkono. Akiipeleka mbele moja kwa moja, skrubu inaweza kuchonga njia mpya juu ya ile ya kwanza, na baada ya kufungua mara chache hakuna meno yaliyobaki. Wanaojenga magari ya rimoti, kama yale ambayo Tamiya ya Japani ilianza kuyauza mwaka 1976, hufuata kanuni hiyohiyo, maana nako chuma hujichongea njia ndani ya plastiki. Ukimwona fundi anafunga kava kwa mashine ya umeme, tafuta kibanda kingine.

Kabla ya kulipa, mwombe aifungue skrubu na kuifunga tena mbele yako mara mbili kwa bisibisi. Ikishika mara zote mbili, mlipe bila kupunguza bei.