Beatrix Potter na Asili ya Hadithi Zake

Waandikao habari za watunzi wa vitabu vya watoto wana mazoea ya kutafuta huzuni. Wakiona kwamba mtunzi alikuwa mpweke utotoni, au kwamba uchumba wake ulikatika, husema, Hapa ndipo hadithi zilipotoka. Mazoea hayo hayamfai sana mwalimu atakaye kujua kwa nini kitabu kimoja hupendwa na watoto na kingine hulala kabatini. Habari za Beatrix Potter, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 28 Julai 1866, zatusaidia kulipima jambo hili, kwa kuwa mwenyewe alipata kulijibu.

Mwaka 1933 Graham Greene, mtunzi wa riwaya, alizisifu hadithi zake katika makala, akakisia kwamba palikuwa na majonzi makubwa yaliyomgeuza mwandishi huyu na kuzitia giza hadithi zake za baadaye. Bibi Potter akamwandikia barua kali. Alipoitunga hadithi ya Mr Tod, iliyotoka mwaka 1912, hakuwa na msukosuko wowote wa moyo, ila alikuwa bado na uchovu wa homa ya mafua tu. Jawabu hilo lachekesha, nami naliona ni la haki. Majonzi alikuwa nayo kweli, maana mchumba wake, Norman Warne, alifariki mwezi Agosti 1905, muda wa mwezi mmoja tu baada ya kuposana. Lakini hadithi ya Peter Rabbit ilikuwa imekwisha kupendwa na watu tangu mwaka 1902. Huzuni haiwezi kuzaa kitabu kilichoitangulia.

Ilizaliwa wapi, basi? Tarehe 4 Septemba 1893, akiwa Dunkeld katika Uskochi, Bibi Potter alimwandikia barua Noel Moore, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mama yake Noel alikuwa amemfundisha Bibi Potter nyumbani kwao zamani. Kwa kuwa hakuwa na habari za kumpa mtoto, alimsimulia hadithi ya sungura wadogo wanne, akichora picha katikati ya maneno. Noel aliitunza barua ile. Miaka saba baadaye mwandishi akaiazima, akaitengeneza iwe kitabu. Wapiga chapa kadhaa waliikataa, naye akapiga chapa nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe, Desemba 1901. Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakitoa chenye picha za rangi. Ukubwa wake nao aliuchagua mwenyewe, kiwe kidogo kitoshee mikono midogo; laiti watengenezaji wa vitabu vyetu vya shule wangekumbuka hilo!

Lakini barua kwa mtoto mgonjwa hata mimi na wewe twaweza kuandika. Yatupasa kutazama jicho lililoiandika. Peter alikuwa sungura wa kweli, mwenye jina hilo hilo, aliyefugwa nyumbani London. Tangu utoto Beatrix na ndugu yake walileta chumbani mwao panya, popo, vyura na nungunungu wa Ulaya, na mnyama akifa waliweza kumchemsha ili waichore mifupa yake. Baadaye alichora uyoga kwa mamia, akaandika maelezo juu ya kuota kwa mbegu zake. Maelezo hayo yalitolewa mbele ya Chama cha Linnean, London, tarehe 1 Aprili 1897, na mwanamume kwa niaba yake, maana wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Ndiyo sababu Peter amevaa koti la samawati, wala koti halimharibu. Chini yake mna mabega na uti wa mgongo wa sungura. Hata viatu vikimpotea hukimbia kwa miguu minne, na hukimbia upesi zaidi. Watunzi wengi walioiga mavazi wamesahau mwili.

Ningependa kuona kitabu hiki katika Kiswahili kizuri, lakini kazi hiyo ina mtego katika neno la kwanza. Sungura wa hadithi zetu ni mjanja. Humshinda simba, humdanganya fisi, na kila mtoto amjua kwa ulimi wake. Akisikia kwamba Sungura ameingia shambani mwa Bwana McGregor, atangoja hila, wala hila haipo. Peter ni mtoto asiyesikia, mwenye hofu na machozi, naye huokoka kwa mbio tu, tena kwa shida. Tena sungura wetu wa mwituni hachimbi shimo la kukaa, hali nyumba ya Peter iko chini ya mizizi ya mti. Yako maneno mengine, kitungule na kititi, yaliyo ya huyu huyu mnyama lakini hayana sifa ile ya ujanja. Mimi ningejaribu kitungule.

Jambo la pili ni lugha. Bibi Potter hakuogopa neno gumu. Katika hadithi ya Flopsy Bunnies, ya mwaka 1909, aliweka neno la kitabibu kabisa kueleza jinsi saladi inavyoleta usingizi, akaliacha likae kati ya maneno mepesi, na watoto hulipenda. Mfasiri asilichuje. Vitabu vyake vya mwisho, kama Little Pig Robinson cha mwaka 1930, ni virefu na vimelegea. Macho yalikuwa yamechoka, na kondoo wake wa Herdwick huko milimani walikuwa wamekwisha kumteka moyo. Alipofariki tarehe 22 Desemba 1943 aliiachia National Trust zaidi ya eka 4,000.

Mwisho wa Peter wataka uangalifu kuliko yote. Baba yake alitiwa katika pai na mke wa Bwana McGregor. Habari hiyo husemwa na mama mwanzoni kwa maneno machache, bila kilio. Mtoto arudipo hapigwi wala hahubiriwi. Mama ashangaa tu nguo zimekwenda wapi, ampa dawa, na wale wengine watatu wala mkate, maziwa na matunda. Nimeona vitabu vya kusomea ambavyo mahali kama hapo huongezwa mistari mitatu chini ya neno Mafundisho. Atakayekifasiri kitabu hiki na aishie kwenye matunda yale.