Barafu kwao, ukame kwetu: Tabora iko wapi kwenye hadithi ya enzi ya barafu?

Tafuta habari za enzi ya barafu kwa Kiswahili uone utapelekwa wapi. Uswidi, Kanada, Siberia, tembo wenye manyoya, mabonde yaliyochongwa na barafu nene kilomita mbili tatu. Ukibahatika utapewa aya moja ya Kilimanjaro, basi. Ukimaliza kusoma unabaki na picha kwamba dunia ilipoganda sisi tulikuwa tumekaa tu kwenye jua letu, tunasubiri wenzetu wayeyuke.

Mimi nasema picha hiyo ni mbovu, na ubovu wenyewe una historia. Twende na njia ya zamani ya misafara: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora (Kazeh ya akina Burton na Speke, waliofika Novemba 1857), Uvinza kwenye chumvi, hadi Ujiji. Swali letu ni moja. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ya kaskazini ilipokuwa kwenye kilele, njia hii ilikuwaje? Wanasayansi wamelijibu zaidi ya mara moja. Jibu la kwanza lilikuwa kosa, na lilidumu kwa miongo kadhaa. Jibu la pili ni zuri sana, ila lina kichwa cha habari kinachonikera.

Tuanze na kosa. Ukifungua vitabu vya jiografia na historia ya kale vya zamani utakutana na kitu kinaitwa pluviali, yaani vipindi vya mvua kubwa. Hoja ilikuwa hivi: kaskazini ikiganda, Afrika inanyeshewa. E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia Uganda, aliijenga hoja hiyo miaka ya 1920 na 1930. Erik Nilsson, Mswidi, alikuja kutafuta alama za barafu milimani na alama za maziwa ya zamani mabondeni, akachapisha matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Louis Leakey akaifanya ngazi ya kupangia zana za mawe. Mwaka 1947, kwenye mkutano wa kwanza wa bara zima kuhusu historia ya kale, Nairobi, mpangilio huo ukapokelewa rasmi. Pluviali zilikuwa nne: ya Kagera, ya Kamasia, ya Kanjera na ya Gamble. Na barafu za milima ya Alps, kwa hesabu ya Penck na Brückner ya 1909, zilikuwa ngapi? Nne. Unaona mambo yanavyokaa vizuri.

Yanakaa vizuri mno, na hapo ndipo ungeanza kushtuka. Ushahidi wenyewe haukuwa wa kubuni. Ukienda Nakuru au Naivasha utaona fukwe za kale juu kabisa ya maji ya leo, na mtu yeyote mwenye macho angesema hapa palikuwa na ziwa kubwa. Shida ni kwamba ufukwe haukuambii una umri gani. Basi umri ukaazimwa Ulaya: kwa kuwa kule kuna barafu nne, na huku kuna maji mengi, basi maji haya ni ya wakati wa barafu ile. Halafu ukauliza, tunajuaje kwamba barafu ilileta mvua? Unajibiwa: kwa sababu fukwe hizi ni za wakati wa barafu. Hiyo ni sawa na kumuuliza dereva wa basi saa ngapi tunafika Tabora, akakuambia tutafika wakati wa kufika. Mmarekani Richard Foster Flint aliuliza maswali haya mwaka 1959 na hakuwa mkali sana. Angeweza kuwa mkali zaidi.

Pia tusisahau tuko Bonde la Ufa. Ardhi hapa inapanda, inashuka, inapasuka. Ufukwe ulio juu unaweza kuwa ziwa lilipanda, au kipande cha nchi kilinyanyuliwa. Kuweka kalenda ya mvua ya bara zima juu ya ngazi za namna hiyo ni ujasiri wa ajabu.

Kilichoiua nadharia ile ni kaboni-14. Mwaka 1972 Butzer, Isaac, Richardson na Washbourn-Kamau walichapisha kwenye jarida la Science umri wa fukwe za maziwa ya Afrika Mashariki. Maji mengi yalikuwa takriban miaka 10,000 hadi 8,000 iliyopita, yaani barafu ya kaskazini ilipokuwa tayari inakwisha au imekwisha. Kwenye kilele cha baridi maziwa yalikuwa chini. Kwa maneno mengine, mambo yalikuwa kinyume. Barafu kwao ilikuwa ukame kwetu.

Sasa hebu tembea njia ile tena, kwa miguu ya miaka 20,000 iliyopita. Maji mengi ya dunia yamefungwa kwenye barafu, na bahari iko chini kwa takriban mita 120. Unguja imeungana na bara, kwa hiyo msafara wako hauhitaji jahazi: unatoka Unguja kwa miguu hadi Bagamoyo. (Pemba ingekushinda, mkondo wake ni wa kina kirefu.) Si ajabu basi kwamba kwenye pango la Kuumbi, Unguja, imepatikana mifupa ya punda milia, mnyama ambaye hakuogelea kufika pale. Bahari ya Hindi ni baridi kuliko leo, inatoa mvuke kidogo, na upepo unaoingia nchini unabeba mvua kidogo. Speke alitoka Kazeh Julai 1858 akaenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa aliloliita Victoria. Angekwenda miaka kama 16,000 au 17,000 iliyopita asingeona ziwa la kuandikia Ulaya, maana Victoria lilikauka kati ya takriban miaka 18,000 na 15,000 iliyopita, na huenda si mara moja tu. Angekuta uwanda wa nyasi, na labda madimbwi.

Na Ujiji? Ziwa Tanganyika halikukauka, lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini lilishuka. McGlue na wenzake walisoma mwamba wa chini ya maji karibu na Kalya, kusini ya Mahale, kwa mawimbi ya sauti na kwa sampuli za tope, wakachapisha mwaka 2008: kwenye kilele cha enzi ya barafu maji yalikuwa chini kwa takriban mita 260. Msafara wako ungefika pale Ujiji ilipo leo, ukatazama chini ya mteremko mrefu, ukaanza kushuka tena. Hakuna mto unaotoka, maana Lukuga ilikuwa juu sana. Ziwa lilikuwa limefungwa, na maji yake yalitoka kwa njia moja tu, kupaa angani.

Jibu la pili, lile zuri, linatoka mlemle Kalya. Mwaka 2004, chini ya mradi wa mafunzo ulioitwa Nyanza Project, uliofanya kazi zake Kigoma, zilichukuliwa sampuli ndefu za tope. Jessica Tierney na wenzake walizichambua na mwaka 2008 wakatoa, kwenye Science, rekodi ya miaka 60,000. Njia yao inastahili kuelezwa maana ni ya ujanja. Majani yana nta. Jani likioza, nta inabaki, inapeperushwa au inasombwa hadi ziwani, inazama. Ndani ya nta kuna haidrojeni iliyotoka kwenye maji ya mvua, na uwiano wa haidrojeni nzito na nyepesi unabadilika mvua ikiwa nyingi au haba. Kipimajoto chao ni mafuta ya vijidudu vya ziwani, ambavyo hubadili umbo la mafuta hayo kufuatana na joto la maji. Kwa hiyo tope moja linakupa mvua na joto kwa pamoja, bila moja kutegemea lingine. Wayland angetoa chochote apate kitu kama hicho.

Matokeo: kulikuwa na baridi kuliko leo kwa nyuzi kadhaa, na kulikuwa na ukame. Pia mvua ilianguka ghafla kila mara Atlantiki ya kaskazini ilipojaa barafu zilizomeguka kutoka Kanada na kwingine. Ndiyo maana kichwa cha makala yao kinasema kwamba Kizio cha Kaskazini ndicho kilichotawala hali ya hewa ya kusini mashariki ya Afrika ya tropiki.

Hapo ndipo naanza kubishana. Ukisoma muhtasari wao mpaka mwisho, sentensi ya mwisho haisemi hivyo. Inasema kilichobadili mvua kwa nguvu zaidi ni joto la uso wa Bahari ya Hindi na upepo wa monsuni wa majira ya baridi ya India, kuliko kuhamahama kwa ukanda wa mvua wa tropiki. Msomaji, upepo huo sisi tuna jina lake. Unaitwa kaskazi. Ndio uliowaleta wafanyabiashara wa Muskati pwani, walioanzisha misafara, waliojenga tembe za Tabora. Kichwa cha habari kingeweza kabisa kusema kwamba Bahari ya Hindi na kaskazi ndivyo vilivyotawala. Data ingekuwa ileile.

Utasema ni ubishi wa maneno. Si kweli. Kichwa ndicho kinachosomwa na mwalimu, na mwandishi wa habari, na mwombaji wa ruzuku. Angalia kilichofuata kwenye Rwenzori. Mwaka 2019 Jackson, Kelly, Russell na wenzao walichapisha umri wa mawe yaliyoachwa na barafu ya milima ile, kazi ngumu, ya kupanda kwenye matope hadi kiunoni. Walionyesha barafu ilianza kurudi nyuma takriban miaka 20,000 iliyopita, kabla hewa ya ukaa haijaanza kupanda. Kichwa? Kwamba joto la nchi za mbali na ikweta ndilo lililoanzisha kuyeyuka kwetu. Inawezekana ni kweli, wana hoja nzito. Lakini mawe ni ya Rwenzori na tope ni la Tanganyika, halafu sababu iko kwingine daima. Wayland aliazima kalenda ya Alps, sisi tunaazima chanzo.

Nina mashaka mengine madogo juu ya rekodi ya Kalya. Vijidudu vya kipimajoto haviishi juu kabisa ya maji, kwa hiyo joto wanalopima ni la kina gani hasa bado kuna mjadala. Sehemu ya chini kabisa iko ukingoni mwa uwezo wa kaboni-14. Haya ni mashaka ya kawaida, yapo kila mahali.

Lipo la tatu, si dogo, na Ujiji yenyewe inalijua. Mwaka 1874 Cameron alifika Lukuga akasema ziwa linatoka hapa. Mwaka 1876 Stanley alikuta mto umezibwa na matope na mafunjo, na maji yanapanda: miti mitatu aliyoiona sokoni Ujiji mwaka 1871 ilikuwa sasa ndani ya ziwa. Kizibo kikaachia mwishoni mwa miaka ya 1870. Edward Hore, baharia na mmisionari aliyeishi Ujiji, aliukuta mto unatiririka kwa nguvu mwaka 1879. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10. Ndiyo maana leo mnara wa Livingstone na Stanley uko mbali na maji. Sasa fikiria mtaalamu wa miaka 20,000 ijayo akikuta ufukwe huo. Ataandika ukame mkubwa mwishoni mwa karne ya 19, na kumbe ni mlango uliofunguka. Mvua ilichangia, lakini kizibo cha Lukuga ndicho kilichofanya mruko uwe mkubwa hivyo.

Mambo haya si ya makumbusho tu. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, likaingia kwenye nyumba na gati kuanzia Bujumbura hadi Kigoma. Wakati huohuo maji ya juu yanapata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, na dagaa anategemea mchanganyiko huo. Tierney na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba joto la mwishoni mwa karne ya 20 halijawahi kutokea tangu mwaka 500. Anayepanga gati, kituo cha samaki au shamba la mpunga anahitaji kujua ni kipi kinachosukuma ziwa: bahari, upepo, au mlango wa Lukuga. Akiambiwa tu "kaskazini", hajaambiwa kitu cha kupangia.

Na Tabora? Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji yake, kupitia Gombe, Wala na Ugalla, huishia Malagarasi na kisha ziwani. Nta ya majani ya miombo ya Unyamwezi pengine imo kwenye tope la Tanganyika, lakini imechanganywa na ya kila mahali. Hatuwezi kuitenga. Kuchimba mbuga zenyewe ni kazi ya kukatisha tamaa: udongo mweusi unapasuka kila kiangazi, hewa inaingia, chavua inaoza, na tabaka za juu zinadondokea kwenye nyufa za chini. Ukitaka tope lisilokauka nenda magharibi, kwenye ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000, au kwenye ziwa Sagara. Unahitaji mtumbwi, bomba, kamba, watu wanne wenye mikono, na kibali. Kama uko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili na bado hujapata mada, chavua ya Sagara ingetuambia kama miombo ilikuwa Unyamwezi wakati ziwa liko chini mita 260, au ilifika baadaye, pamoja na mvua.