Urithi na Mkataba katika Lugha ya Java

Wafundishao uandishi wa programu za kompyuta wamelizoesha masikio yetu neno "kurithi", nasi walimu wa Kiswahili tumelipokea bila kulihoji. Twaona limezaa upotofu, si wa lugha tu bali wa kazi yenyewe.

Wazo hili lilianzia Oslo, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda lugha ya Simula 67. Klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya namna moja ndani ya programu, yaweza kuzaa klasi nyingine, na mtoto akapata kila alichonacho mzazi. Lakini kwetu mrithi hupokea fungu lake baada ya mwenye mali kufariki. Huku mzazi angali hai, mali yote huja kwa mkupuo, na mzazi akigeuza mwenendo, nyumba ya mtoto yaweza kuanguka. Je, huo ni urithi?

Tutazame maktaba ya Java ya mwaka 1996. Humo mna klasi iitwayo Stack, nayo ni rundo: kama sahani jikoni, iliyowekwa mwisho ndiyo huondolewa kwanza. Waundaji waliifanya mtoto wa Vector, ambayo ni orodha ya kawaida. Basi rundo likarithi hata uwezo wa kuchomekewa kitu katikati, na wa kuchomolewa kilicho chini kabisa! Rundo gani hilo? Kasoro hiyo ingalipo, na maelezo rasmi ya Java yenyewe huwaelekeza watumiaji kwenye Deque, iliyoongezwa mwaka 2006.

Deque si klasi. Ni intafesi, ambayo sisi twapenda kuiita mkataba. Mkataba hutaja kazi zipasazo kufanywa, na kila klasi iuridhiayo hutafuta yenyewe njia ya kuzitimiza. Hata hivyo tusiusifu kupita kiasi. Deque huruhusu kuchukua kutoka ncha zote mbili, kwa hiyo sahani ya chini bado haijasalimika. Tena, tangu mwaka 2014, mkataba wa Java waweza kubeba kazi zilizokwisha andikwa, hata mpaka wake na urithi umefifia.

Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, iliukataa urithi wa klasi kabisa: atimizaye kazi zilizotajwa huhesabiwa kuwa ameuridhia mkataba, ijapokuwa hakutamka. Mwanafunzi aanzishwe na mkataba, na Stack aonyeshwe mapema, kabla neno "kurithi" halijamzoea.