Chui Mweusi Alilelewa Stoo

Februari 2018, filamu ya Black Panther ilipofanyiwa onyesho la uzinduzi Kisumu, mimi nilikuwa Nairobi, mwaka wa kwanza chuoni, na kuhusu Wakanda nilijua jambo moja tu: Lupita ni wetu. Nilienda kuiona wiki mbili baadaye na marafiki. Kuna pale kwenye maporomoko ya maji ambapo Killmonger anamwinua T'Challa juu ya kichwa na kumtupa kama gunia. Ukumbi mzima ulinyamaza. Nikajiambia huyu mwongozaji, Ryan Coogler, ana akili.

Anayo kweli, ila tukio lile si lake. Niligundua hivyo miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo karo ilipokwama, naishi kwenye keja ya chumba kimoja na kula kwa kuandikia watu vitu ambavyo jina langu halionekani. Liko kwenye toleo la 6 la komiki iliyoitwa Jungle Action, la Septemba 1973. Aliyeliandika ni Don McGregor na aliyelichora ni Rich Buckler. Killmonger mwenyewe ni wao, na maporomoko yale ni yao pia. Nilipoanza kufuatilia ilikuwaje wakaitengeneza, nikakuta hadithi ya pili nyuma ya hadithi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Tuanze na jina. Jungle Action, kwa tafsiri ya haraka, ni Vituko vya Porini. Lilikuwa jarida la kampuni ya Marvel tangu miaka ya 1950, likafufuliwa 1972 ili kuchapisha tena hadithi za zamani: Mzungu wa kike au wa kiume aliyevaa ngozi ya mnyama, anaruka kwenye mizabibu, anawaokoa Waafrika ambao hawana majina. McGregor, kijana mweupe kutoka Rhode Island, alikuwa ameajiriwa pale kusoma prufu. Yaani kazi yake ilikuwa kutafuta nukta zilizopotea kwenye hadithi hizo. Amesimulia mara nyingi kwamba alilalamika ofisini: mbona mnachapisha mambo haya miaka hii? Jibu lililotoka ni kwamba basi jarida litampa nafasi Black Panther, na wewe mlalamishi ndiwe utakayeandika.

Hebu fikiria zawadi hiyo. T'Challa alikuwa amebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, shujaa mweusi wa kwanza mkubwa katika komiki za Marekani, na tangu hapo hakuwa amepewa jarida lake mwenyewe. Sasa anapewa, lakini chini ya bango la Vituko vya Porini, kwenye jarida linalotoka kila miezi miwili, mikononi mwa msoma prufu. Mgeni umelazwa stoo, kando ya magunia ya makaa.

McGregor alifanya nini na stoo hiyo? Aliandika hadithi moja ndefu, "Panther's Rage", iliyoanzia toleo la 6 hadi la 18, miaka miwili na zaidi. Wakati ule komiki nyingi za mashujaa zilimaliza kisa kwa toleo moja au mawili. Yeye alipanga kama riwaya, sura baada ya sura. Kurasa za nyuma, badala ya kuziacha zote zijazwe na mabaki ya hadithi za zamani za porini, alipigania ziwekwe vitu kama ramani ya Wakanda. Na akaweka sharti ambalo hakuna aliyekuwa amemwomba: hadithi iko Wakanda, kwa hiyo watu wake ni Wakanda. Baada ya Buckler, na toleo moja la Gil Kane, mchoraji mkuu akawa Billy Graham, Mmarekani mweusi.

Sasa niseme ukweli wa msomaji, si wa shabiki. Komiki hii inachosha. McGregor hajui kunyamaza. T'Challa akirukia tawi la mti, kuna aya nzima pembeni ikikueleza uzito wa roho yake angani, na mpaka umalize kuisoma ameshatua. Majina ya maadui ni ya kuchekesha, King Cadaver, Salamander K'Ruel, na alama za kukata majina zimemwagwa kama chumvi. Vibanda vya nyasi vinakaa jirani na mitambo ya ajabu bila yeyote kuuliza umeme unapitia wapi. Ni Afrika ya mtu aliyeisoma, hakuiona. Mhariri mmoja mkali angepunguza theluthi ya maneno.

Lakini mhariri huyo huyo, nina hakika, angeliondoa pia swali ambalo hadithi nzima inalibeba. T'Challa amerudi nyumbani kutoka Marekani alikokuwa akipigana pamoja na mashujaa wengine, na raia wake wanamwuliza: ulikuwa wapi? W'Kabi, mkuu wake wa usalama, anamwambia machoni. Mpenzi aliyekuja naye, mwimbaji Monica Lynne, anatazamwa kama mgeni na hata kushtakiwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Killmonger anapata wafuasi kwa sababu pengo lipo, mfalme aliliacha. Na mfalme huyu anaumia. Anararuliwa nguo na ngozi, na akijeruhiwa leo, toleo lijalo bado anachechemea. Kwangu mimi niliyelelewa na nyanya kijijini huku wazazi wakitafuta doo mjini, sikuhitaji kuelezwa hasira ya wanaobaki.

Halafu kuna mwisho, ambao filamu iliuacha. Katika toleo la 17 T'Challa na Killmonger wanarudi pale maporomokoni. Mfalme anashindwa tena. Yuko mikononi mwa adui, karibu kutupwa mara ya pili, na anayemaliza vita ni mtoto. Anaitwa Kantu. Anatoka mbio na kumsukuma yule jitu mpaka chini. Hakuna ngumi ya shujaa. Filamu ilitupa pambano la watu wawili wenye mavazi yanayofanana, na machozi ya machweo. Ni zuri, lakini linabaki jambo la ukoo wa kifalme. Komiki ya 1975 ilithubutu kusema kwamba nchi iliokolewa na mtu asiye na cheo, na kwamba mtoto amelazimika kuua ili watu wazima wapumzike. Dwayne McDuffie, mmoja wa waanzilishi wa Milestone, alikuwa akiitaja hadithi hii kama kazi kubwa isiyopewa haki yake. Mwisho huu pekee unatosha kunifanya nikubaliane naye.

Wapenzi wa komiki wana maelezo yao ya jinsi kitu kama hiki kilivyowezekana: McGregor alipata uhuru kwa sababu hakuna aliyejali. Jarida halikuwa la kutegemewa, wakubwa walikuwa na macho kwingine, kwa hiyo msanii akatamba. Ni maelezo matamu. Mimi pia niliyaamini, mpaka nilipofika toleo la 19.

Kwa sababu wakubwa walikuja kutazama. McGregor anasimulia kwamba swali liliendelea kurudi: Wazungu wako wapi humu? Hadithi ya Afrika yenye Waafrika watupu ilikuwa tatizo la kiofisi. Basi akawapa Wazungu. Januari 1976 alimhamishia T'Challa Georgia, nyumbani kwa kina Monica, akamkutanisha na Ku Klux Klan. Kwenye toleo la 21 mfalme wa Wakanda amefungwa kwenye msalaba unaowaka moto. Mwaka huo Marekani ilikuwa ikisherehekea miaka 200 ya uhuru wake.

Toleo la 23 likatoka likiwa na hadithi ya zamani ya Daredevil, kiraka. La 24, Novemba 1976, likawa la mwisho. Hadithi ilikatwa katikati, sababu iliyotolewa ikiwa mauzo. Januari 1977 likatokea jarida jipya, safari hii likiwa na jina la Black Panther lenyewe, likiandikwa na kuchorwa na Jack Kirby. Hakuna Klan, hakuna Monica. Kuna chura wa shaba mwenye uwezo wa kuvuta watu kutoka wakati mwingine, na watozi matajiri wanaomkimbiza. Kisa cha Klan kilikuja kumalizwa na waandishi wengine katika Marvel Premiere, 1979 na 1980.

Ni rahisi kumlaumu Kirby, na wengi wa umri wangu mtandaoni humlaumu. Mimi siwezi. Michoro yake inacheka, inakimbia, na chura wake ananifurahisha kuliko nilivyotarajia. Zaidi ya hayo, Kirby ndiye aliyemchora T'Challa wa kwanza, na yeye pia hakummiliki. Mfumo ulikuwa ule ule kwa wote: unachobuni ni cha kampuni. Aliyeletwa kuchukua nafasi ya McGregor alikuwa mtu aliyekwisha kunyang'anywa kabla yake. Kwenye nyumba ya mdosi, wapangaji wawili hupewa chumba kimoja kwa zamu, halafu tunawahukumu wao kwa kugombana.

Nimejua uzito wa jambo hili kwa njia ya kijinga. Miaka mitatu iliyopita shirika fulani, sitalitaja, lilinipa kibarua cha kuandika katuni za simu kuhusu msichana wa mtaani anayepambana na maji machafu. Sehemu nne za kwanza hakuna aliyezisoma ofisini. Waliniambia tu, tuma. Nikamfanya yule msichana awe mkaidi, mwongo kidogo, mwenye mama anayeuza maji hayo hayo machafu. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika. Sehemu ya tano ikafika kwa wafadhili, wakaipenda, na ndipo kila mtu akaanza kuitazama. Mama muuza maji akatolewa. Sehemu ya saba nikapewa asante. Msichana wangu bado yuko, namwona kwenye mabango, anatabasamu sana siku hizi.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kupuuzwa ni uhuru, ninauliza: uhuru wa muda gani? Stoo ni mahali pa kulala, lakini ufunguo hauko kwako. McGregor hakupewa nafasi ya kusema anachotaka. Alipewa mkopo wa kutotazamwa, na kazi ilipoanza kuonekana, mkopo ukadaiwa. Hata wingi wake wa maneno sasa nauona hivi: ni mtu anayesema yote leo kwa kuwa hajui kama kesho atakuwepo. Mwaka 1989 alirudishwa kumwandika T'Challa tena, safari hii akimpeleka Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi kumtafuta mama yake. Miaka 13 ilikuwa imepita. Na mwaka 2022 Penguin Classics walichapisha "Panther's Rage" kama fasihi ya kudumu. Vituko vya Porini sasa vimekaa rafu moja na wakubwa wote.

Itafute usome. Usiisome kwa haraka, ruka aya zinazojirudia, usiruke nyuso za Billy Graham. Ukifika toleo la 17 mwangalie yule mtoto.

Mimi nina mkataba mwingine mezani, wa shirika lingine, kifungu kile kile: kila kitakachobuniwa ni mali yao. Kodi ni tarehe 5. Nimewaandikia kuomba jambo moja tu, jina langu lichapwe kwenye kila sehemu. Nimeangalia simu mara sita nikiandika makala haya. Hawajajibu.