Robot Imetua Mudhaibi, na Haina Hata Waya

Yakhe, hii ndiyo! Kama unasitasita kununua mashine yako ya kwanza ya espresso ya kukandamiza kwa mkono, acha kusitasita. Cafelat Robot imeshatua jikoni kwetu hapa Mudhaibi, Oman, boksi lake bado limetapakaa sakafuni, na mimi nimeshakata shauri. Haina waya. Haina tangi la maji ya moto, haina pampu, haina kitufe hata kimoja. Ni mwili wa alumini wenye mikono miwili iliyoinuliwa juu kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Ukiishusha hiyo mikono, kahawa inatoka. Basi!

Sasa tazama inavyofanya kazi. Unashindilia gramu 18 za kahawa iliyosagwa laini ndani ya kichujio kirefu cha chuma chenye kipenyo cha milimita 58, kipimo kilekile cha mashine kubwa za mikahawani. Juu yake unalaza kisahani chembamba chenye matundu, ili maji yasiichimbe kahawa. Kisha unamimina maji yaliyochemka mumo humo ndani ya kichujio, karibu na ukingo, unakifunga chini ya mashine, na unaanza kubonyeza. Taratibu kwanza! Mshale wa geji upande mpaka bari 2, uuzuie hapo, uchungulie chini mpaka uyaone matone ya mwanzo, meusi tititi. Hapo sasa tia nguvu, bari 8 au 9. Mabega yanakuambia kila kitu. Kahawa ikiwa chenga, mikono inaporomoka bila kukupinga. Ikiwa laini mno, haisogei hata ukiining'inia. Ikiwa imekaa sawa, inashuka kwa mwendo mmoja, uzi wa hudhurungi unateremka, na kwa nusu dakika au zaidi kidogo una gramu 36 ndani ya finjani, povu zito juu yake. Mashallah!

Povu hilo tunadaiwa na Achille Gaggia wa Milan. Alichukua hataza yake mwaka 1938, na mashine zake za wenzo na springi zikaingia mikahawani baada ya vita, kuanzia 1948. Kabla yake kahawa ilisukumwa kwa mvuke wa bari moja na kitu, ikatoka bila povu. Na mimi hapa nimeipata kazi ileile kwa mikono yangu na birika la umeme la dukani.

Kwa nini si nyingine? Flair, ile ya Kalifornia, ni nzuri, tena Flair ya bei ya chini haifiki nusu ya bei ya Robot. Ila silinda yake lazima uipashe moto kwanza, hasa kahawa ikiwa imekaangwa kidogo tu, la sivyo unakunywa kitu kichachu na baridi. Asubuhi mtu una haraka, unaanza tena kuchemsha vipande vya chuma? Robot inakusamehe: maji yanakaa juu ya kahawa yenyewe, safari yake ni fupi. La Pavoni Europiccola ya mwaka 1961, ah, ile ni mapambo ya nyumba, sibishi. Lakini ina tangi linalochemka, na baada ya vikombe vichache mfululizo kichwa chake kinapata moto mpaka kahawa inaungua. Mfikirie mtu wa huku kwetu Sharqiyah, Juni, nje digrii 45, amesimama mbele ya chuma kile.

Pesa iliyobaki, tena ikiwezekana pesa iliyo nyingi zaidi, itie kwenye kinu. Hapa sitanii. Mashine ya visu inayokatakata haifai kabisa. Tafuta kinu cha mkono chenye meno ya chuma, kama 1Zpresso za Taiwan, ambacho meno yake yanasogezwa kidogo kidogo. Na tafadhali, kisiwe kile kinachosaga kahawa ya dele pamoja na iliki! Harufu ya iliki haitoki humo milele.

Kahawa? Nimetia arabika ya Kilimanjaro, nikachanganya na robusta kidogo ya Bukoba, na povu likanenepa palepale. Bimkubwa, ambaye kwake kahawa ni ile nyepesi ya rangi ya dhahabu, alipiga funda moja juu ya tende ya fardh, akakunja uso, akasema, "Mwanangu, hii dawa." Halafu akanyoosha finjani atiwe tena. Hakuitikisa! Anayejua adabu za kahawa za Oman anajua maana yake: asiyetikisa finjani hajatosheka.

Ukiagiza, chukua ile yenye geji, wanayoiita Barista. Mgeni wa kazi hii bila geji anabahatisha. Kusafisha ni kugonga makapi, kusuuza kichujio na kufuta mpira wa silikoni wa pistoni, mambo yamekwisha. Maziwa tu ndiyo haichemshi wala haitoi mvuke. Sisi chai yetu ya karaki inapikwa jikoni hata hivyo, hatujapungukiwa. Anayeapa hawezi kuishi bila kapuchino, basi na anunue hiyo Pavoni, aweke na taulo karibu.